Safari Hii Mkimbizi Ndiye Anauliza Maswali



Leo nataka kuongea juu ya kitabu. Najua kuna wenye watasema: kitabu cha nini, na mgawo wa chakula umepunguzwa? Nawaelewa kabisa. Lakini hata tumbo likiwa nusu, kichwa hakifungi kazi. Hiki kitabu kiliingia kwenye vichwa vyetu kwa wiki sita na mpaka leo kimekataa kutoka.

Kinaitwa City of Saints & Thieves, yaani Mji wa Watakatifu na Wezi. Kilitoka mwaka 2017. Mwandishi ni Natalie C. Anderson, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na UN na mashirika kwenye mambo ya wakimbizi, hasa Afrika. Ni riwaya ya upelelezi ya vijana: kuna mtu ameuawa, kuna mtu anashukiwa, na msomaji anafukuzana na ukweli mpaka kurasa za mwisho. Sisi tulikuwa na kopi moja tu, ya Kiingereza. Kwa hiyo mmoja alisoma, mwingine akageuza kwa Kiswahili, wengine wakasikiliza na kubisha. Tulibisha sana. Maoni haya yametoka kwenye ubishi ule, lakini ni yangu mwenyewe, musiwalaumu wenzangu.

Nianze na hadithi yenyewe, na msiogope, sitawaambia nani muuaji. Tina ni msichana wa miaka 16. Alitoka Kongo na mama yake akiwa mdogo, wakaingia Kenya, wakafika kwenye mji unaoitwa Sangui. Usiutafute kwenye ramani, ni mji wa kubuni. Mama yake anapata kazi ya nyumbani kwa tajiri wa madini, Bwana Greyhill. Halafu usiku mmoja mama anapigwa risasi ndani ya ofisi ya huyo tajiri, na Tina hana shaka ni nani alifanya. Anamficha mdogo wake Kiki shuleni kwa masista, naye mwenyewe anaingia kwenye genge la mjini linaloitwa Goondas, anakuwa mwizi. Si mwizi wa kuku, ni mwizi mwenye kanuni; ndani ya kitabu anatupa kanuni za kazi yake moja baada ya nyingine. Miaka inapita akipanga kitu kimoja tu: amuaibishe Greyhill, amfilisi, kisha amuue.

Usiku wa mpango, ndani ya nyumba ile ile, anakamatwa na Michael, mtoto wa tajiri, ambaye walicheza pamoja utotoni. Michael anamwambia: baba yangu hakumuua mama yako. Ndipo safari inaanza. Wao wawili, pamoja na Boyboy, kijana Mkongo mwenye akili ya kompyuta, wanarudi mpaka Kongo, kwenye kijiji alichotoka mama, kutafuta kwanza mama yule alikuwa nani kabla hawajajua nani alimuua.

Sasa maoni yangu. Nasema hiki kitabu kina thamani kwetu kwa sababu moja kubwa kuliko zote: mkimbizi ndiye anauliza maswali.

Fikirieni maisha yetu hapa kambini. Tangu siku ya kwanza kwenye kituo cha mapokezi, sisi ni watu wa kujibu. Ulitoka lini? Mlikuwa wangapi? Walivaa nguo gani? Walisema lugha gani? Baba alikufa mwezi gani? Unajibu kwa wa kwanza, baada ya mwaka unajibu kwa wa pili, baada ya miaka mitatu unajibu kwa wa tatu, na huyo wa tatu ana faili mbele yake. Anakuangalia anasema: mbona kwanza ulisema walikuwa wanne na leo unasema watano? Unatokwa jasho. Unaanza kujiona kama mshukiwa kwenye kesi ambayo wewe ndiye ulilalamika. Nimesikia vijana wakikariri hadithi ya familia yao usiku kabla ya mahojiano kama vile wanakariri somo la mtihani. Kifo cha baba kimekuwa kitu cha kukariri ili tarehe zisigongane.

Na mwisho wa maswali yote hayo ni nini? Ni uamuzi juu yako: unapokelewa ama hapana, unaenda nchi ya tatu ama unabaki. Hayo ni muhimu, sikatai, maisha yetu yanategemea hapo. Lakini angalieni vizuri: hakuna hata swali moja kati ya hayo linalotafuta nani alimuua baba. Si kazi yao. Wanatafuta kama wewe unasema kweli. Muuaji hayuko kwenye faili.

Riwaya ya upelelezi inageuza meza. Sheria yake ya kwanza ni kwamba mtu akiuawa, jibu linadaiwa. Haijalishi marehemu alikuwa nani. Na hapa marehemu ni mfanyakazi wa ndani, mkimbizi, mwanamke ambaye mji mzima haukujua jina lake. Kitabu kizima kinasimama juu ya mama huyo. Hakuna anayemwambia Tina "pole, mambo ya vita ni hivyo". Sisi tumeambiwa hivyo mara ngapi? Mambo ya vita. Kama vile vita ni mvua, inanyesha yenyewe, haina mtu aliyeshika bunduki wala aliyenunua risasi.

Ukitoka kwenye riwaya ukaingia kwenye mambo ya kweli, unaona deni lilivyo kubwa. Mwaka 2010 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kubwa juu ya Kongo, kuanzia 1993 mpaka 2003. Waliandika matukio mabaya 617. Tukio moja linaweza kuwa kijiji kizima. Sasa hesabu upande wa pili: Mahakama ya Kimataifa kule The Hague imewatia hatiani watu watatu tu kwa makosa ya Kongo. Thomas Lubanga mwaka 2012, miaka 14. Germain Katanga mwaka 2014, miaka 12. Bosco Ntaganda mwaka 2019, miaka 30. Weka 617 upande huu na watatu upande ule, halafu uniambie kama kijana aliyekulia kambini anakosea akisema ukweli wetu hauna mtafutaji.

Lakini sitaki kuwaacha hapo, juu kuna mfano mwingine. Kavumu, Kivu ya Kusini, si mbali na Bukavu. Kuanzia 2013 watoto wa kike, wengine wadogo sana, walikuwa wanachukuliwa usiku kwenye nyumba zao na kubakwa. Watu wa kijiji walilia muda mrefu bila kusikilizwa. Wazazi hawakunyamaza. Madaktari wa Panzi, ile hospitali ya Daktari Mukwege, walitunza ushahidi. Wanasheria na mashirika ya pale wakaunganisha kesi moja moja mpaka zikawa kesi moja kubwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani watu 11, mmoja wao mbunge wa jimbo. Hiyo si riwaya. Hao ni wazazi wa kawaida, na wauguzi wa kawaida, waliokataa kusema "mambo ya vita". Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi ya Tina ni ndoto, kwamba mtu mdogo hawezi kumfikia mkubwa kwa maswali tu, mimi namwonyesha Kavumu. Tofauti ni kwamba Tina alienda na bastola kichwani mwake, na wale walienda na makaratasi. Makaratasi yalifika mbali zaidi.

Sasa niseme yale tuliyobishana, maana si wote walikipenda kitabu.

Wa kwanza walilalamika: kwa nini mkimbizi awe mwizi? Hawakosei kuuliza. Sisi tunaoishi Kenya tunakumbuka, ama wakubwa wetu wanakumbuka, mwaka 2014. Serikali ilitangaza wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, kisha ikaja ile operesheni ya usalama, watu wakakusanywa Eastleigh na kwingine, maelfu wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mama mwenye karatasi zote mkononi aliwekwa pamoja na asiye nazo. Jina "mkimbizi" na jina "mhalifu" yakaandikwa karibu karibu. Ukishapita hapo, mtu akikuletea riwaya ambayo shujaa wako ni msichana Mkongo anayeingia nyumba za watu usiku, unashtuka.

Mimi nilijibu hivi na bado nasimama hapo. Soma kichwa cha kitabu tena: watakatifu na wezi. Kitabu chote kinakuuliza mwizi ni nani. Tina anaiba simu, pesa, data za kompyuta. Nyuma yake kuna dhahabu inayotoka Mashariki ya Kongo kwa njia ya panya, inapita mikononi mwa wenye bunduki, inavuka mipaka ya majirani, inasafishwa, inakuwa pete ya harusi mahali fulani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika jambo hilo karibu kila mwaka. Marekani mwaka 2010 ilitunga sheria inayozitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao vinatoka kwetu na kwa majirani zetu. Dhahabu bado inapita. Kwa hiyo ukimweka Tina mbele ya mlango wa Greyhill, yule mwenye nyumba kubwa na ukuta mrefu, unaanza kujiuliza nani ameingia kwa nani bila ruhusa. Mwandishi hamtetei Tina, anaonyesha wizi ulivyomla kidogo kidogo. Lakini anakataa pia kutuonyesha mwizi mdogo peke yake.

Wa pili walisema: kwa nini msaada uje kutoka kwa mtoto wa tajiri? Kwa nini Tina asifike mwenyewe? Hapa nakubaliana nusu. Kuna kurasa nilichoka na Michael. Kila mlango unafunguka vizuri kidogo akiwa yeye amesimama karibu. Lakini nakumbusha kwamba bila Boyboy hakuna kitu kingetembea, na Boyboy ni mmoja wetu. Ni kijana ambaye wengine wangemcheka kwenye foleni ya maji kwa jinsi anavyovaa na alivyo, na kitabu kinampa heshima bila kumfanya kichekesho. Kikundi chetu kilinyamaza kidogo kwenye sehemu zake. Kunyamaza huko naomba kila mmoja akufikirie mwenyewe.

Ubishi wa tatu ndio ulikuwa mzito, na ndio sababu naandika. Tina anachimba maisha ya mama yake na anakuta mambo ambayo mama hakuwahi kumwambia. Mama alikuwa nesi. Mama alikuwa na marafiki, na siri, na hofu, na mambo aliyofanyiwa. Tulikuwa tunasoma sehemu hiyo karibu na mahali mama mmoja jirani yetu anafuaga nguo. Alikuwa anasikiliza kumbe. Akasema: "Ninyi watoto, munatafuta nini humo? Ile kitu nilishaiweka chini. Mukitaka kuibeba, mutaibeba na mabega gani?" Akaendelea kufua.

Tuligawanyika pale pale. Dada mmoja akasema mama ana haki, tuwaache wazazi wetu na kimya chao, wamekilipia. Kaka mwingine akasema hapana, sisi ndio tunaulizwa kwenye mahojiano, sisi ndio tunaota usiku mambo ambayo hatujui hata majina yake, tuna haki ya kujua.

Mimi nasema wote wawili wameshika ukweli, na kitabu kinasaidia kuona ni wapi vinapokutana. Angalieni Tina anauliza lini: mama ameshakufa. Anapata majibu kwa masista, kwa watu wa kijiji, kwa maadui, kwa kila mtu isipokuwa mwenye hadithi. Hiyo ndiyo huzuni kubwa ya kitabu, kubwa kuliko risasi. Kama angejua mapema mama yake alikuwa nesi wa aina gani, nani alikuwa rafiki yake, alikuwa anacheka nini, asingehitaji kuvuka mpaka ndani ya hatari ili akutane naye.

Wazazi wetu wengi bado wako hai. Hapo tumemzidi Tina. Lakini kuwauliza hakumaanishi kuwahoji kama ofisi. Mwenye kidonda ndiye anajua kama kinaguswa leo ama hakiguswi kabisa, na akisema hapana, ni hapana. Yako maswali mengine ambayo hakuna faili lolote limewahi kuyauliza. Mama, ulipokuwa wa umri wangu ulikuwa unataka kuwa nani? Nani alikufundisha kupika sombe namna hii? Sokoni kwenu mlikuwa mnauza siku gani? Baba alikuposa namna gani, na babu alisema nini? Mimi nimeanza. Nimejua vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia kwa miaka yote, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye karatasi zetu za ukimbizi. Kumbe mama yangu alianza maisha kabla ya siku tuliyokimbia. Nyinyi mnacheka, lakini jaribuni kukumbuka mara ya mwisho mlipomfikiria mzazi wenu kama mtu aliyekuwa kijana.

Kuna jambo la mwisho kuhusu mwandishi. Wengine walisema, Mzungu tena ameandika hadithi yetu. Sina hasira naye. Amefanya kazi yake kwa bidii, na mtu wa Kivu hatajiona amechekwa kwenye kurasa zake. Ila ni kweli kwamba yeye alikuwa upande wa wenye kuuliza, sisi tuko upande wa wenye kujibu, na mtu akiandika kutoka ng'ambo ile kuna vitu havioni. Dawa yake ni kuandika na sisi. Wako walioanza. Sandra Uwiringiyimana, Munyamulenge, alikuwa na miaka 10 usiku wa Agosti 2004 kambi yao ya Gatumba, Burundi, iliposhambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa, mdogo wake akiwa mmoja wao. Mwaka 2017, mwaka ule ule wa kitabu cha Tina, alitoa kitabu cha maisha yake, How Dare the Sun Rise. Omar Mohamed, Msomali aliyekulia Dadaab, alitoa When Stars Are Scattered mwaka 2020 pamoja na mchoraji Victoria Jamieson. Wote wawili walishirikiana na mwandishi mwingine, na hakuna aibu. Ila hadithi ni yao, na wao ndio wameamua nini kisemwe na nini kibaki nyumbani.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika nina maombi matatu, nayasema kwa heshima. Moja: mkija na kamera ama daftari kuomba "hadithi ya mkimbizi", mtueleze inaenda wapi, na mrudi kutuonyesha. Hadithi ikitoka bila kurudi, kwetu inafanana na ile dhahabu. Mbili: mkileta vitabu, leteni na riwaya kama hizi, si vijitabu vya kunawa mikono peke yake. Kunawa tumejua. Na kikundi kikisoma jambo lenye mauaji na ubakaji kama hiki, awepo mtu wa ushauri nasaha karibu, juu kuna kurasa zilimtoa mmoja wetu nje na hakurudi siku ile. Tatu: siku moja moja, badilisheni viti. Kaeni pale tunapokaa, tuwaulize sisi. Mgawo unaamuliwa na nani? Kwa nini faili la fulani limelala miaka sita? Mkijibu hamjui, ni jibu pia, tumelitumia sana wenyewe.

Na kwa ninyi vijana wenzangu wa Kakuma, Nakivale, Nyarugusu na kwingine: kitabu kikipita mkononi mwako, kisome hata kama Kiingereza kinakusumbua, msaidiane. Halafu leo jioni, kabla simu haijazima chaji, muulize mzazi ama mlezi wako swali moja ambalo ofisi haijawahi kumuuliza. Akijibu, liandike kwa Kiswahili chako, hivyo hivyo kilivyo. Akikataa, mshukuru, mletee maji, ngoja siku nyingine.